Kosta yangu ya kulala: betri moja ya mbele inachemka, ya nyuma haifiki asubuhi. Nianzie wapi kabla sijanunua tena?

MamaKosta_Jinja

Habari za humu ndani. Nina Toyota Coaster ya dizeli. Viti viling'olewa, vikaingia vitanda, sinki, jiko la gesi, firiji na taa, na sasa ni nyumba yenye magurudumu. Naipeleka Sipi, Murchison, Kidepo, mara na familia, mara na wageni wanaolipa. Injini haina neno. Umeme ndio unaonitoa jasho.

Mpangilio ni huu. Mbele kuna betri mbili zilizoungwa mfululizo kupata volti 24, kama zilivyo Kosta nyingi zinazotoka Japani. Nyuma, ndani ya sanduku chini ya kitanda, kuna betri moja kubwa ya volti 12 ya risasi na asidi, 200Ah (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachobeba). Hiyo inalisha firiji, taa, pampu ya maji na invata ndogo ya kugeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani. Juu ya paa kuna sola ya wati 200. Halafu kuna waya unaotoka mbele kuja kuichaji betri ya nyuma gari likiwa linatembea.

Firiji inazima usiku, mara nyingi saa nane au saa tisa. Ajabu ni kwamba taa zinawaka bila shida na pampu inavuta maji, ila firiji inatoa mlio na kukata. Jua likichomoza inarudi yenyewe, lakini nyama imeshaanza kuyeyuka. Jambo lingine, hata nikiendesha kutoka Jinja hadi Moroto, nikifika nakuta betri ya nyuma iko palepale ilipokuwa asubuhi, kana kwamba gari lilishinda limeegeshwa. Na zile mbili za mbele haziendi sawa. Moja inakunywa maji na kunuka yai bovu. Nyingine daima ni dhaifu, na ndiyo wanayonibadilishia. Mpya nayo baada ya muda inadhoofika vilevile.

Kila gereji ninayoingia naambiwa, "Nyabo, betri imekufa." Hivi betri zinaweza kufa kwa zamu?

KijanaArua

Weka lithiamu dada, umalize kazi. Mjomba wangu ameweka dukani kwake, habari za maji na asidi kazisahau.

Dereva24

Betri feki zimejaa sokoni. Mimi napita na lori Malaba hadi Elegu, betri ikifikisha mwaka tunaifanyia sherehe. Nunua ile nzito, nyepesi ni maji matupu.

FundiMasese

Dada, funga pochi kwanza. Usinunue chochote hadi umepima.

Umeeleza vizuri kuliko wateja wangu wengi, na kuna maneno matatu yamenishtua: "waya unaotoka mbele". Mbele ni volti 24, nyuma ni volti 12. Huo waya umeshikizwa wapi hasa? Kuna kigeuzi cha kushusha 24 kuwa 12 katikati, au umechukuliwa kwenye betri moja tu kati ya zile mbili? Nina jibu kichwani lakini nataka namba zako zilitamke zenyewe.

Tafuta mita ya digitali, hata ile ya njano ya bei ndogo inatosha. Iweke kwenye volti za DC. Tumia alama ya 20 kwa betri moja, na 200 ukipima mbili kwa pamoja. Pima asubuhi kabla jua halijagusa paneli na kabla hujawasha injini: kila betri peke yake, ncha za mita ziguse nguzo za risasi zenyewe, usiguse kishikio cha kebo. Halafu washa injini, ikanyage kidogo itulie kwenye mizunguko kama 1,500, upime tena: betri ya mbele ambayo hasi yake imefungwa kwenye bodi (tuiite ya chini), ile nyingine (tuiite ya juu), zote mbili kwa pamoja, na ya nyuma.

Kipimo cha mwisho ndicho watu wengi hawakifanyi. Subiri firiji ingurume. Wakati kompresa inafanya kazi, pima volti kwenye betri ya nyuma, kisha hapohapo upime kwenye plagi ya firiji. Vipimo hivyo viwili vifuatane bila kuzima kitu. Betri ikiwa imetulia inaweza kukuonyesha namba nzuri na waya mbovu ukajificha. Umeme usipotembea, hakuna kinachopotea njiani, hivyo mita haiwezi kukuonyesha hasara.

Ili ujue unachosoma: betri ya risasi iliyopumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika ikisoma 12.7 imejaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 imebaki robo, na 11.8 hiyo unaihesabu tupu. Ikiwa imetoka kuchajiwa sasa hivi itakudanganya kwa 13 na ushee, basi iwashie taa dakika chache kisha uiache itulie.

Mnubi_wa_Bombo

Fundi, usisahau arthi, yaani njia ya hasi kurudi kupitia bodi. Kwenye magari yaliyogeuzwa nyumba mafundi wanapenda kuvuta waya mmoja wa chanya, hasi wanaikamatisha kwenye bodi kwa skrubu ya bati juu ya rangi. Barabara ya murramu ikishaitikisa, skrubu inalegea, kutu inaingia chini yake. Kwa macho imefungwa, kwa umeme haipo.

Dada, wakati unapima, washa kila kitu. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri ya nyuma na nyingine kwenye chuma kitupu cha bodi. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikipita volti 0.2, hapo pana jambo.

BaridiKabale

Mimi nauliza jingine. Hiyo invata inazimwa usiku au inalala imewashwa?

MamaKosta_Jinja

Invata huwa imewashwa muda wote, kwa sababu swichi yake iko nyuma ya kabati na kufikia pale ni mazoezi ya viungo. Nitapima kesho asubuhi nilete majibu.

KijanaArua

Mnamsumbua dada wa watu na mita. Lithiamu!

MamaKosta_Jinja

Nimerudi. Mwanangu alishika karatasi, mimi nikashika mita.

Asubuhi, kila kitu kimetulia: ya juu 12.8, ya chini 11.9, ya nyuma 12.1.

Injini ikiwa imewaka: zote mbili kwa pamoja 28.1. Ya juu peke yake 15.2. Ya chini 12.9. Ya nyuma 12.5.

Firiji ikinguruma, injini imezimwa, paneli nimeifunika turubai: kwenye betri 12.1, kwenye plagi ya firiji 10.9.

Arthi, mzee wa Bombo, ilisoma 0.1.

Na waya niliufuata kwa mkono kutoka nyuma hadi mbele. Umefungwa kwenye chanya ya betri ya chini, unapita kwenye relei ndogo (swichi inayowashwa kwa umeme), unaingia chini ya zulia hadi kwenye betri ya kitandani. Kigeuzi hakuna. Inayochemka ni ya juu. Ninayobadilishiwa ni ya chini.

FundiMasese

Basi kesi imeisha, dada. Au tuseme kesi mbili, kwa sababu una magonjwa mawili yaliyolala kitanda kimoja.

Tuanze na mbele. Altaneta yako inatoa 28.1 na hiyo ni sawa kabisa kwa gari la volti 24. Ndiyo maana kila gereji ikipima inasema chaji iko vizuri. Lakini altaneta haioni betri mbili, inaona jumla tu. Ni kama punda wa Kapchorwa aliyebebeshwa magunia mawili: uzito wa jumla ni ule ule, ila upande mmoja umelala. Kila betri ilitakiwa ipate kama 14. Yako ya juu inapata 15.2 na ya chini inapata 12.9.

Kwa nini? Umeme wa kuchaji unapita betri ya juu kwanza, kisha ya chini. Ya juu imeshajaa, kwa hiyo inapitisha kidogo tu. Hicho kidogo kikifika katikati kinakutana na waya wako wa kitandani unaovuta kwa nguvu kulisha betri ya nyuma, firiji na invata. Ukivuta zaidi ya kile kinachoshuka, upungufu unatolewa na betri ya chini. Maana yake ni kwamba betri ya chini inaweza kuwa inaishiwa huku injini inanguruma! Volti zake zinashuka, na kwa kuwa jumla lazima ibaki 28, za mwenzake zinapanda. Kwenye 15.2 maji yanavunjika kuwa gesi, sahani zinabaki wazi, na harufu ya yai bovu ni dalili ya betri inayochajiwa kupita kiasi. Ukibadilisha ile ya chini bila kuondoa waya, umempa mgonjwa shati jipya.

Sasa betri ya nyuma. Inachajiwa na betri ambayo yenyewe ina 12.9, na njiani zinapotea 0.4, inafika 12.5. Betri ya risasi inahitaji zaidi ya 14 ili ijae, nyingi hutaka kama 14.4. Kwa 12.5 unaweza kuendesha hadi Juba na kurudi, haitajaa. Kwa hiyo miaka yote hii ni sola peke yake inayoilisha.

Firiji ni ugonjwa wa pili. Zinatoka 12.1 zinafika 10.9, yaani volti 1.2 zimeliwa na waya. Firiji nyingi za kompresa zina ulinzi wa kuzuia betri isikaushwe. Zikiona volti zimeshuka chini ya kiwango chao zinakata, na kiwango hicho huwekwa juu au chini kulingana na firiji na ulivyoichagulia. Yako inaamini betri inakufa, kumbe ni waya. Taa za LED hazijali, zinavuta umeme kidogo, kwenye waya wao hakuna kinachopotea. Ndiyo maana uliona taa zinawaka firiji ikiwa imezima. Hiyo ilikuwa dalili nzuri kuliko zote, na uliitaja mwenyewe mwanzoni.

Waya wa firiji una unene gani, na ni umbali gani?

MamaKosta_Jinja

Ni mwembamba, nadhani milimita 1. Kutoka betri hadi firiji ni kama mita 6. Mwishoni kuna tundu la kuchomekea kama la kiberiti cha gari.

FundiMasese

Tupige hesabu. Shaba ya milimita 1 ya mraba ina ukinzani wa karibu omu 0.017 kila mita. Mita 6 kwenda na 6 kurudi ni 12, unapata omu 0.2. Firiji ikivuta ampea 5, zinapotea volti 1. Iliyobaki inaliwa na lile tundu la kiberiti, ambalo halikuundwa kwa kazi ya saa 24 na mara nyingi linapata moto. Liguse usiku, utaniambia.

Vuta waya wa milimita 6, hesabu ileile inakupa hasara isiyofika volti 0.2. Toa lile tundu, weka plagi ya kufungwa kwa skrubu. Na fyuzi ikae karibu na betri kabisa, maana kazi ya fyuzi ni kulinda waya usiwake moto.

Mnubi_wa_Bombo

Ukienda Kisekka au Ndeeba kununua waya, usinunue kwa kuangalia ganda. Kuna waya zenye plastiki nene na shaba kiduchu ndani, na kuna zile za alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Kwarua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, rudisha. Waya wa alumini wa unene uleule unapoteza volti nyingi zaidi, na viungio vyake vinalegea haraka.

Kuhusu fyuzi, nimefungua magari nikakuta mahali pa fyuzi pamefungwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Na mtu analala juu yake na watoto.

Dereva24

Ngoja kwanza fundi. Hiyo habari ya kuchukua 12 kwenye betri moja, malori yote yanafanya hivyo kwa redio!

FundiMasese

Nakujua Dereva, nitakuja kwako. Nimalize na dada.

Dawa ya mbele. Ule waya wa betri ya chini ung'oe wote. Mahali pake weka chaja ya DC kwenda DC inayopokea 24 na kutoa 12, yenye hatua za kuchaji betri ya risasi. Si kila kigeuzi cha 24 kwenda 12 ni chaja. Vile vya redio vinatoa 13 na kitu bila kupanda wala kushuka, havitaijaza betri yako. Ya ampea 20 inatosha kwa 200Ah.

Chaja ikae nyuma, jirani na betri ya kitandani, si mbele. Kwenye upande wa volti 24 umeme unaosafiri ni mdogo. Ukitoa ampea 20 kwa volti 14, mbele unavuta kama ampea 12 au 13 tu, hivyo waya mrefu wa milimita 6 unavumilia. Ukiiweka chaja mbele, ampea 20 zitasafiri gari zima kwa volti 12 na tutarudi kwenye shida ya firiji.

Fyuzi ziwe mbili, moja mbele karibu na betri za gari na nyingine nyuma karibu na betri ya kitanda, kwa sababu kila upande una betri inayoweza kuchoma waya. Waya wa kuamsha chaja utoke kwenye swichi ya ufunguo, injini ikizimwa nayo ilale. Bila hivyo itazinyonya betri za mbele ukiwa umelala, na asubuhi utasukumwa na kondoo wa Karamoja.

Betri za mbele zote mbili zitoke pamoja, ziingie mpya pamoja: saizi moja, aina moja, umri mmoja. Ukichanganya kuukuu na mpya kwenye mfululizo, hata bila waya wowote wa wizi, zitaanza kuachana tena.

Ukiwa unafungua, vua pete na saa. Anza na hasi, malizia na hasi wakati wa kufunga. Na kabla hujagusa betri ya nyuma, tenganisha paneli za sola kwanza, betri baadaye. Vidhibiti vingi vya sola, vile vinavyosimamia chaji kutoka kwenye paneli, havipendi kubaki na paneli bila betri.

KijanaArua

Sawa fundi, umeshinda. Lakini hebu jibu kwa haki, lithiamu ina ubaya gani?

FundiMasese

Haina ubaya, ina masharti. Kwa upande wa nyuma ni betri nzuri sana: unatumia karibu yote badala ya nusu, ni nyepesi, haina maji. Tatizo lake la baridi, kwamba haichajiwi chini ya nyuzi sifuri, hapa kwetu halipo labda uipandishe Rwenzori kwa miguu.

Ila jiulize, leo dada angeiweka, ingetokea nini? Waya wa 12.5 usingeijaza. Firiji ingekata baadaye kuliko sasa. Na kwa kuwa lithiamu ina kiu kubwa ya umeme, ingevuta kwa nguvu zaidi kutoka betri ya chini ya mbele, ikaiua mapema. Pia inataka chaja na kidhibiti cha sola vinavyoijua, na volti zake hazishuki taratibu: ni 13 na ushee karibu safari yote kisha ghafla BMS, saketi ya ulinzi iliyo ndani yake, inakata. Kwa mtu asiye na mita ya kuhesabu ampea inayoingia na kutoka, ni gari lenye geji ya mafuta iliyokufa.

Rekebisha njia kwanza. Ukitaka lithiamu baadaye, itakuta barabara nzuri.

BaridiKabale

Sasa turudi kwenye invata, kwa sababu hata waya zikinyooka bado hesabu ya siku ina tundu.

Mimi nina kambi ndogo ya magari karibu na Bunyonyi, naona haya kila msimu. Invata iliyowashwa bila kazi yoyote inaweza kula hadi ampea 1. Kwa saa 24 ni 24Ah zimepotea bila kuchaji hata simu moja. Firiji ikivuta ampea 5 na kufanya kazi asilimia 40 ya muda, ni kama 48Ah kwa siku, na kwenye joto la Kidepo inapita hapo. Weka taa, pampu na feni, unakaribia 80Ah.

Sola ya wati 200, kwa jua zuri la hapa Uganda, baada ya hasara za joto na vumbi, inarudisha kama 50Ah. Kila siku una deni la 30Ah. Betri ya risasi ya 200Ah usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 100Ah za kuchezea. Siku tatu ukiwa umeegesha, umefika chini. Bila waya wowote mbovu.

Ukizima invata tu, deni linabaki dogo sana. Simu zichajiwe kwa tundu la USB la volti 12, hazihitaji kupitia invata. Hamisha swichi, au weka ya mbali karibu na kitanda.

Na tafadhali usiegeshe chini ya mwembe. Wageni wengi wanapenda kivuli, halafu wananiuliza kwa nini sola haichaji. Kivuli cha tawi moja kikilala kwenye kona ya paneli kinaweza kupunguza umeme kupita ukubwa wa kivuli chenyewe, kwa sababu sela zake zimeungwa mfululizo. Paneli kulala bapa juu ya paa si tatizo kwetu, tuko kwenye ikweta, jua liko juu ya kichwa. Ifute vumbi tu.

MamaKosta_Jinja

Hapo kwenye mwembe umenigusa, baba. Swali: betri ya nyuma imekaa nusu-nusu muda mrefu hivi, si imeshaharibika? Nitajuaje kama nayo ibadilishwe?

FundiMasese

Swali zuri. Betri ya risasi ikikaa bila kujaa, sahani zake zinaota chumvi ngumu na nafasi inapungua. Volti zitakuonyesha 12.7 ikiwa imejaa, lakini imejaa kikombe wakati zamani ilikuwa jagi. Mita peke yake haikuambii, inabidi uifanyishe kazi.

Ijaze kabisa kwa chaja ya umeme wa nyumbani, usiku mzima. Iache itulie. Tenganisha sola na kila kitu. Chukua balbu mbili za taa kubwa za gari, za wati 55, uziunge sambamba. Zitavuta kama ampea 9. Washa, andika saa. Betri nzima ya 200Ah ingekwenda saa kumi au kumi na moja hivi ndipo ifike nusu. Yako ukizima baada ya saa nane, uiache itulie saa kadhaa, kisha usome volti. Balbu zinapata moto, ziweke juu ya tofali, mbali na godoro.

Kama ina vifuniko, angalia maji ya kila sela. Sela moja ikiwa tofauti na wenzake kwenye haidromita (kipima uzito wa maji ya asidi), wakati nyingine ziko 1.26 na hiyo iko 1.15, basi hiyo imekufa na betri nzima imekwenda nayo.

Dereva24

Dada akirudi mniite. Nimeshaanza kuangalia redio yangu kwa jicho baya.

MamaKosta_Jinja

Nimerudi na gari limetulia.

Balbu niliwasha saa mbili asubuhi, nikazima saa kumi jioni. Usiku betri ilipotulia ikasoma 12.2. Sela zote zinakaribiana.

Waya wa zamani tumeung'oa. Chini ya zulia tulikuta umeungwa katikati kwa kusokotwa na kufungwa selotepu, umeme ulikuwa umeshaubabua. Tumeweka chaja ya 24 kwenda 12 nyuma, waya wa milimita 6 (nilikwarua mbele ya muuzaji, akacheka, lakini cha kwanza alichonipa kilikuwa cheupe ndani), fyuzi mbili, na betri mbili mpya pacha mbele. Lile tundu la kiberiti la firiji lilikuwa limeyeyuka upande mmoja.

Namba za leo, injini ikiwaka: jumla 28.2, ya juu 14.1, ya chini 14.1. Ya nyuma 14.3 na inaendelea kupanda. Firiji ikinguruma usiku, betri 12.4, plagi 12.2. Haijakata tena. Invata tumeiwekea swichi pembeni ya kitanda.

FundiMasese

14.1 na 14.1, hiyo nitaichapisha niibandike gereji.

Betri ya nyuma: saa nane kwa ampea 9 ni 72Ah, na bado uko kwenye nusu. Nusu ikiwa 72Ah, betri nzima ikijaa sasa inabeba kama 145Ah, si 200 tena. Imechoka lakini haijafa, usiitupe. Sasa ikiwa inajazwa kila unapoendesha inaweza kukusogeza. Sanduku lake liwe na tundu la hewa linalotoka nje ya gari, maana betri ya risasi ikichajiwa vizuri inatoa haidrojeni kidogo, na wewe unalala juu yake na una jiko la gesi mita mbili kutoka hapo.

Mnubi_wa_Bombo

Na kila ukitoka Karamoja, pitia vishikio vyote kwa spana. Barabara ile inafungua hata nati usizozijua.

Dereva24

Haya, zamu yangu. Lori la volti 24, redio, chaja ya simu na kafeni kadogo, vyote nimechukua kwenye betri ya chini. Nimepima injini ikiwaka: ya juu 14.7, ya chini 13.4. Ya juu maji yameshuka chini ya alama. Hali ni mbaya?

FundiMasese

Ni ugonjwa wa dada ukiwa bado mchanga. Toa vyote vitatu, uvipitishe kwenye kigeuzi cha 24 kwenda 12 cha ampea 10, wewe huhitaji chaja. Kisha chaji kila betri peke yake hadi ijae ndipo uziunge tena, vinginevyo zitaendelea kutofautiana hata bila redio. Ile ya juu iongeze maji ya betri, yale safi ya chupa. Wakikuletea asidi kataa. Kilichokauka ni maji, asidi bado iko humo ndani.